Mwache alale, kachoka

Saa tisa usiku rafiki wa mdogo wangu alikuwa anakoroma, na mi nilimsikia. Nilitoka chumbani kwenda kujisaidia, nikapita sebuleni na tochi ya simu, nikamkuta kalala chali kwenye mkeka karibu na mlango, viatu hajavua, mdogo wangu kalala kwenye kochi upande wa pili. Mkoromo wenyewe haukuwa ule wa kawaida. Ulikuwa mzito, wa kuvuta kutoka ndani kabisa, kama mtu anamalizia maji ya dafu kwa mrija, halafu unakata, kimya, unahesabu moja mbili tatu nne, halafu unarudi kwa nguvu. Mama naye alikuwa ameamka, akachungulia mlangoni kwake akasema, "Mwache alale, kachoka huyo." Nikamfunika khanga. Nikarudi kulala. Alfajiri mama alipoenda kumwamsha akaswali alimshika bega, akakuta limeshapoa.

Sijawahi kuiandika hii popote. Mtaani kwetu Chikongola, hapa Mtwara mjini, wanaijua kwa ufupi tu, kwamba kuna kijana alifia kwa kina fulani usiku, wakasema presha, na kila mtu akakubali presha, kijana wa miaka 22. Naandika sasa kwa sababu wiki iliyopita kaja kijana wa bodaboda pale famasi ninapofanya kazi, kaegemea kaunta, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dokta, nipe zile za kukesha, tramadoli, nina kazi ya muziki mpaka Jumapili." Mi sio daktari, ni msaidizi tu pale, lakini huku kwetu ukishavaa koti jeupe we ni dokta. Nikamuuliza cheti, hana. Nikamwambia kaa hapo kwenye benchi nikusimulie kitu, akakaa kama dakika mbili hivi, simu ikaita, akaondoka. Kwa hiyo namsimulia hapa, labda atakutana nayo.

Ilikuwa Desemba 2017. Watu wa Kusini hatuusahau msimu ule. Korosho mnadani ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo, na hela zilipoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima kule Tandahimba na Newala, yani kila kijiji unachopita unakuta pikipiki mpya nailoni haijatolewa kwenye siti, watu wanapaua bati, na kila wikiendi kuna disko vumbi. Disko vumbi ndo klabu yetu ya huku. Halina ukuta wala kiyoyozi, ni kiwanja cha mpira kimezungushiwa maturubai, jenereta linanguruma kwa nyuma, spika zimepangwa mpaka juu, taa za rangi, na vumbi jekundu linapanda mpaka magotini watu wakirukia singeli. Linaanza saa tatu usiku linaisha kukiwa kweupe.

Mdogo wangu na huyo rafiki yake walikuwa vijana wa mitambo. Kazi yao ni kupakia spika kwenye Canter, kupanda nazo mlima mpaka huko juu Umakondeni, kushusha, kufunga nyaya, kukesha wakilinda vitu visiibwe, asubuhi kufungua, kupakia tena, kuelekea kijiji kingine. Ijumaa Nanyamba, Jumamosi Kitangari, Jumapili Newala, na hilo la Jumapili ni la mchana. Spika moja ya besi inabebwa na wanaume wawili na bado mnasimama njiani kupumua. Nalisema hili kwa makusudi kwa sababu watu wakisikia kijana kafa na vidonge vya disko wanaona alikuwa anaponda raha. Hakuwa anaponda raha. Alikuwa kazini. Waliokuja kucheza walilipa kiingilio, hela ikaenda kwa mwenye mitambo, na yeye akapata ya usiku mmoja mmoja.

Mdogo wangu alinieleza baadaye, sio siku ile, ni kama mwaka umepita, tumekaa nje kizani umeme umekatika. Alisema ilianza kama dawa ya mgongo. Mwenzao mmoja kwenye gari alikuwa na tramadoli kwenye kikaratasi, kidonge kimoja kimoja hakina hata pakiti, akasema meza hii hutausikia uzito. Na kweli hawakuusikia. "Dada, yani spika nilikuwa naona kama mto wa kulalia," ndo alivyoniambia. Ukishameza unachangamka, njaa huisikii, usingizi huusikii, mtu akikutukana unacheka. Sasa shida inakuja asubuhi, mwili umechoka ila kichwa kinagoma kulala, na jioni mnatakiwa kazini tena. Hapo ndo ikaingia valiamu ya kulazimisha usingizi wa masaa machache juu ya maturubai nyuma ya Canter. Na katikati ya vyote hivyo kuna nipa, ile pombe kali ya kienyeji. Viroba serikali ilishavipiga marufuku tangu Machi mwaka ule ule, ila nipa ya mabibo huku kwetu wakati wa korosho haina wa kuizuia, mabibo yanaoza chini ya miti bure, kila kijiji kina mpishi wake.

Kwa hiyo mpaka Jumapili usiku mwilini mwake mlikuwa na vitu vitatu. Na hapa ndo nataka msomaji anisikilize vizuri, maana hii ni kazi yangu na siku ile kazi yangu haikunisaidia.

Tramadoli ni dawa nzuri kabisa ikitumika kwa cheti, mtu kavunjika mguu, mtu katoka kufanyiwa upasuaji. Ila ni ya ukoo wa afyuni, ukoo mmoja na mofini na heroini, na dawa za ukoo huo zina tabia moja, zinaiambia sehemu ya ubongo inayokukumbusha kupumua kwamba punguza mwendo. We hupumui kwa kuamua, usingizini hakuna anayeamua, kuna kitu kule nyuma ya ubongo kinakugongea kila baada ya muda vuta, toa, vuta, toa. Tramadoli ikizidi inakifanya kisinzie. Valiamu nayo inakisinzisha kwa njia nyingine, na pombe kwa njia nyingine. Kila moja peke yake pengine ungeamka na kichwa kinauma tu. Zikikutana tatu zinasaidiana. Halafu valiamu haiishi mwilini kesho yake kama watu wanavyodhani, siku nzima inapita, wakati mwingine mbili, na nusu ya ile uliyomeza bado imo. Yani ile ya Ijumaa ilikuwa bado inamfanyia kazi Jumapili, na juu yake ikaongezwa ya Jumamosi, na juu yake nyingine. Yeye alihesabu alichomeza usiku ule tu. Mwili ulikuwa unahesabu vyote.

Tramadoli ina ubaya wake mwingine, inaleta degedege, mtu mzima anaanguka anatupa mikono na miguu kama mwenye kifafa. Hili vijana wengi wameshaliona vijiweni na wanaliita kupandisha, wanamwagiana maji wanacheka, kesho wanasimuliana.

Sasa mkoromo. Mtu aliyezidiwa na vitu hivi misuli yote inalegea, na ulimi nao ni msuli. Akilala chali ulimi unarudi nyuma unaziba njia nusu, hewa inalazimisha kupita, ndo ile sauti. Sisi huku tumezoea kwamba anayekoroma kalala fofofo, usingizi mtamu, mwache. Kwa mtu aliyekunywa na kumeza vidonge, mkoromo ule wa kuvuta na kukata na kuvuta tena ni mtu anayenyongwa polepole na ulimi wake mwenyewe, na ile kimya ya katikati ndo inayorefuka. Nilihesabu mpaka nne mi mwenyewe nimesimama na simu mkononi. Sikujua nahesabu nini. Ningemwita jina, ningemfinya kwa nguvu au ningemsugua katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole, nikaona haitikii, ningejua. Ningemgeuza alale kiubavu, goti moja mbele, kichwa kielekee nyuma kidogo mdomo uangalie chini ili hata akitapika yatoke nje, na mtu mmoja akae pale pale asiondoke huku mwingine anatafuta bajaji. Hiyo tu. Haihitaji dawa wala haihitaji hela, labda ile ya bajaji.

Hospitali kuna sindano inaitwa naloksoni, inaweza kuing'oa heroini na ndugu zake kwenye ubongo kwa dakika chache na mtu akarudi kupumua. Haiondoi valiamu wala pombe, lakini hospitali wana hewa na wana namna ya kumpumulia mtu mpaka mwili umalize. Tatizo ni kufika.

Na wao wangeweza kufika. Hili ndo linaloniuma zaidi kuliko yote. Gari lilirudi mjini saa saba usiku. Mdogo wangu anasema njiani kutoka Newala yule rafiki yake alishatapika mara mbili, alikuwa anaongea maneno hayaeleweki, kichwa kinaanguka kifuani. Wakasemezana kumpeleka hospitali. Mmoja akasema tukimpeleka tutaulizwa amekula nini, tukisema wataita polisi, mitambo itashikiliwa, bosi atatufukuza wote. Wakaona wamlete kwetu kwa sababu kwetu kuna dada anayefanya kazi duka la dawa. Yani waliniletea mimi. Wakamwingiza polepole wasituamshe, kwa heshima, wasisumbue wazee.

Tulizika siku ile ile baada ya adhuhuri, kwao Mikindani. Mjomba wake alikuja kutoka juu na basi la kwanza, mzee mwembamba kavaa kanzu imekunjwa kwenye mkoba muda mrefu mikunjo bado inaonekana. Nyie mnajua huku kwetu mjomba ni nani, mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine. Baada ya dua alinifuata nilikokaa na wanawake, akachuchumaa, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe ndo unafanya kazi duka la dawa?" Nikasema ndio mjomba. Akauliza, "Alilia usiku? Aliita mtu?" Nikamwambia hapana, alikuwa anakoroma tu. Akatikisa kichwa akasema, "Basi alilala vizuri. Alhamdulillahi." Akainuka akaenda. Sikumsahihisha. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri au vibaya, nadhani nilifanya vibaya kwa watoto wengine wa ukoo ule na vizuri kwa yule mzee.

Kesho yake nilienda kazini mapema kabla bosi hajafika, nikafungua kabati lenye kufuli, nikatoa daftari la dawa za kudhibitiwa, nikahesabu valiamu zote kidonge kwa kidonge. Zilikuwa sawa sawa na daftari. Nilishukuru Mungu, halafu nikaona aibu kwa kushukuru, nikakaa chini nyuma ya kaunta nikalia kwa mara ya kwanza tangu itokee.

Tangu siku ile mi naulizia. Mtu akija anataka vya kukesha, au vya kulala, au sharubati ya kikohozi chupa tatu na hakohoi, simfokei, namuuliza anakesha wapi. Wamenifundisha mengi. Wamenifundisha pia tunachokifanya nyumbani mtu akizidiwa, na karibu vyote ni vibaya: wanammwagia ndoo ya maji, wanamnywesha maziwa, wanamkamulia ndimu mdomoni, wanamtia vidole atapike, wakati mtu asiye na fahamu chochote unachomtia mdomoni kinaelekea kwenye mapafu. Au wanamwegemeza ukutani wanamwambia mwenzao mmoja amwangalie, na huyo mwenzao naye kameza.

Kuna binti mmoja wa chuo alikuja mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili, jua kali lile la kabla ya mvua, unajua Mtwara inavyokuwa, unatoka kuoga na umeshalowa jasho. Akaniuliza maswali ya kuzunguka zunguka mpaka nikamwambia sema tu. Wametoka na wenzake kwenye sherehe moja ya ufukweni, kuna mtu katoka Dar na vidonge vidogo vya rangi ya waridi vimechorwa alama, ekstasi, na rafiki yake alimeza kimoja akacheza masaa bila kukaa chini, halafu akaanza kutetemeka, mwili wa moto kama pasi, meno anayasaga, anaongea na watu ambao hawapo. Walimpeleka hospitali. Alipona. Yeye alitaka kujua tu ilikuwa nini ile.

Nikamweleza ninachokijua. Ekstasi, yani MDMA, ilitengenezwa kwanza Ujerumani mwaka 1912 na kampuni ya Merck, wala hawakuwa wanatafuta dawa ya kuchezea muziki. Inafungulia kwa mkupuo akiba ya kile kitu kwenye ubongo kinachokupa furaha na utulivu, ndo maana mtu anakumbatia kila mtu, na ndo maana siku mbili tatu baadaye anakuwa na huzuni hajui imetoka wapi, kwa sababu akiba imetumika. Ila kinachoua haraka ni joto. Inapandisha moto wa mwili na wakati huo huo inakuondolea uchovu, hujui kwamba umechoka, hujui kwamba unaungua. Hapo upo kwenye joto la pwani yetu, hewa imejaa unyevu na jasho halikauki, watu mmebanana. Misuli inaanza kuharibika, figo zinafuata.

Akasema basi mtu anywe maji mengi. Na hili nalo lina shimo lake. Kuna binti wa Uingereza, Leah Betts, Novemba 1995 alimeza kidonge kimoja kwenye sherehe ya kutimiza miaka 18 nyumbani kwao Essex, na kwa kuwa alishasikia kwamba ukimeza hicho unywe maji, alikunywa kama lita 7 kwa saa moja na nusu. Kile kidonge kinaufanya mwili ushikilie maji usitoe mkojo. Maji yakazidi, chumvi kwenye damu ikashuka, ubongo ukavimba, akafa baada ya siku chache. Alikuwa kwao, wazazi wapo, baba yake alikuwa askari zamani na mama wa kambo nesi. Nilivyosoma habari ya yule mama wa kambo nilifunga simu nikatoka nje. Nesi, na ilitokea nyumbani kwake.

Na hayo ni kama kidonge kweli ni ekstasi. Mimi pale kazini dawa ina jina, ina namba ya toleo, ina tarehe ya kuisha, na bado tunakagua. Kile cha mfukoni kimechorwa alama tu. Kinaweza kuwa na methi, yani methamfetamini, kinaweza kuwa na kitu hata aliyekuuzia hakijui.

Wakuu wa wilaya wanapiga marufuku madisko vumbi kila baada ya muda, naelewa kwanini, kuna mimba za watoto wa shule, kuna visu. Ila mi sikubali kwamba hilo ndo jibu la vidonge. Likizuiwa uwanjani linahamia shambani mbele zaidi, na huko ndo hakuna bajaji kabisa. Na yale mabango ya fuvu la kichwa na sindano hayamwambii kitu kijana wa spika, yeye hajioni teja, teja ni yule wa Dar anayelala stendi. Yeye anajiona mchapakazi.

Mdogo wangu alijiona hivyo hivyo hata baada ya kumzika mwenzake. Alipumzika kama mwezi, akarudi kwenye Canter. Halafu ukaja msimu wa 2018, ule ambao wakulima waligoma kuuza kwa sababu bei ilianguka, serikali ikaingilia kati, jeshi likaja kubeba korosho, ikapangwa 3,300 kwa kilo, na malipo kwa wengi yakachelewa sana. Hela ikakauka Kusini nzima na disko likafa lenyewe bila kupigwa marufuku na mtu. Mitambo ikauzwa. Akabaki na mwili uliozoea tramadoli na hana kazi inayoihitaji. Mapema 2019 akapanda basi kwenda Dar, akafikia Mbagala kwa binamu yetu, kama vijana wetu wote wanavyofikia Mbagala.

Huko akakutana na unga, yani heroini. Alisema hakuona kama kapiga hatua kubwa, kwa sababu stimu alishaijua, ni ile ile ya tramadoli ila ina nguvu zaidi, na kete moja wakati ule ilikuwa rahisi kuipata kuliko kidonge. Kwanza kwenye sigara pamoja na bangi, kokteli wanaita. Baadaye sitaki kuandika. Unga huu unapita kwenye maji yetu haya haya, tusijifanye ni habari za Dar. Januari 2012 zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini mkoani Lindi, hapa jirani, na bahari inayotoka Asia mpaka Msumbiji inapita mbele ya nyumba zetu, majahazi yanapita usiku. Wenye mzigo huwaoni kijiweni wakipiga miayo.

Arosto, ile hali ya mwili ukikosa unga, nimeiona kwa macho yangu nilipomfuata mwaka 2022. Nilimkuta kwa binamu amejikunja kwenye godoro, makamasi yanatoka, machozi yanatoka na halii, anapiga miayo mfululizo, jasho na baridi kwa pamoja, anasema mifupa inamwasha kwa ndani. Miguu inapiga teke yenyewe. Akanishika mkono akaniambia, "Dada, sitaki stimu, wallahi, nataka tu niwe kawaida." Mtu anayesema teja anapenda starehe angekaa na mimi kwenye lile godoro nusu saa tu. Starehe iliisha zamani sana, ilibaki kulipia kodi ya kuwa mzima.

Nilipiga 119, ile namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nikaulizia kliniki. Methadoni ipo nchini tangu Februari 2011 walipoanza Muhimbili, na ni bure. Ni dawa ya maji, unainywa mbele ya nesi kila siku, Jumapili na sikukuu, inakaa mwilini siku nzima, inazuia arosto bila kukupa stimu. Kuna ndugu zetu wanasema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mama alisema hivyo pia mwanzoni. Nikamwambia mama, wewe sindano yako ya sukari unachoma kila siku, mbona hatusemi umelewa sindano. Akanyamaza, hakukubali siku hiyo, ila akaacha kusema.

Ubaya wake ni kwamba inakufunga kamba. Kikombe chake kiko Temeke na sisi tuko Mtwara, kilomita zaidi ya 500. Harusi ya dada yetu mkubwa hakuja. Hitma ya bibi hakuja. Kuna kipindi alikasirika akaacha wiki tano kwa nguvu zake mwenyewe, akaona kapona, na mwenzake wa kijiweni katoka gerezani siku hizo hizo akavuta kiasi kile kile alichokuwa anavuta kabla hajafungwa. Mwili ulikuwa umesahau. Hakuamka. Mdogo wangu aliniambia kwa simu, "Dada, na yeye alikoroma," halafu simu ikakaa kimya na salio likaendelea kukatika. Kesho yake alirudi kliniki.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana walimpa dozi za kusafiria za siku nne. Akaja. Basi lilichelewa, alishuka saa mbili usiku amebeba begi dogo na chupa zake amezizungushia taulo kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Amenenepa. Mama alipika wali na samaki wa nazi, hakula mama, alikuwa anamwangalia tu anavyokula. Wakatandika sebuleni, kochi ni lile lile, mkeka ule tulishautoa.

Saa tisa usiku niliamka. Sikuwa na haja ya kwenda chooni, niliamka tu, nikasimama mlangoni kwangu bila kuwasha tochi nikawa nasikiliza. Kimya. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

"Dada, niko macho," akasema gizani.

Nikamwambia lala kiubavu basi. Nikasikia kochi linalia, anageuka.